Kifaa cha kusikia bila kipimo ni suruali ya mtu mwingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, na naomba kabisa unisamehe urefu. Barua za wasomaji wenu huwa aya tatu nne. Yangu imekataa kukatika, na mkasi ndiyo kazi yangu.

Wiki mbili zilizopita mlitoa picha kubwa ya bibi mmoja akivishwa kifaa cha kusaidia kusikia na mgeni rasmi. Mgeni rasmi anacheka, bibi anacheka, waliosimama nyuma wanapiga makofi. Chini ya picha mliandika kwamba bibi sasa anasikia vizuri. Niliichukua picha ile mpaka mlangoni penye mwanga, nikavaa miwani, nikaikagua kama ninavyokagua mshono wa fundi mwenzangu. Mashine ipo nyuma ya sikio, sawa. Lakini ile sehemu inayoingia ndani ilikuwa kile kimpira kama mwavuli mdogo kinachotoka dukani tayari, nacho kilikuwa kimening'inia nje ya tundu la sikio kama kifungo kilicholegea uzi. Ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningesema bibi yule hakusikia hata hotuba aliyokuwa anapigiwa makofi. Alicheka kwa sababu wenzake walicheka. Nami nimecheka hivyo miaka mingi, ndiyo maana nakijua kicheko kile hata kwenye karatasi.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani hapa Tanga, umri wangu miaka 67. Masikio yangu yaliharibikia korona. Vijana wakisikia korona wanafikiria barakoa. Mimi nasema korona ya mkonge, mashine ya kuchakata majani yatoke singa. Nilifanya kazi humo miaka 8, tangu 1979, kwenye shamba moja ambalo sitalitaja. Zamu nzima tulizungumza kwa mikono, maana mdomo haukuwa na faida. Hakuna aliyetupa hata pamba ya kuziba. Baadaye sana ndipo daktari aliponieleza kwamba kelele ya kuanzia desibeli 85, mtu akikaa nayo saa 8 kila siku, inayala masikio polepole bila maumivu, na inaanza kula zile sauti nyembamba. Ni kweli. Nilipofika miaka 40 na kitu ndege walikuwa wamenyamaza mtaani kwetu. Nilidhani wamehama.

Ukiona mtu ana tatizo la namna yangu usimpigie kelele, maana kelele anaisikia. Asichokisikia ni herufi. Mwaka 2011 nilimshonea suti bwana harusi mmoja wa Chumbageni. Kijana wangu wa dukani alishika futi, mimi nikaandika kwenye daftari. Kiuno, akasema, thelathini na tisa. Nikaandika 36. Jaribu mwenyewe, Mhariri: sema tisa, sema sita, halafu ondoa hizo t na s uone kinachobaki. Kinabaki i na a, kote kuwili. Masikio yangu yalikuwa yanapata i na a tu, yale mengine nilikuwa nayajazia mwenyewe kwa kubahatisha, na siku hiyo sikubahatisha vizuri. Bwana harusi aliijaribu suruali usiku wa kuamkia ndoa. Inchi 3 hazipatikani kwenye akiba ya mshono wa mtu yeyote. Tulikesha.

Baada ya aibu hiyo nilikubali kwamba mimi ni kiziwi kiasi, nikaanza kutafuta kifaa.

Cha kwanza nilipewa bure, kwenye zoezi kama lile la picha yenu. Sina ugomvi na waliotoa. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, betri yake ile namba 13 yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, ipo kazini mpaka leo. Tatizo lilikuwa kile kimpira. Tulikuwa wengi, vimpira vilikuwa vya saizi tatu, nikapewa cha kati kwa sababu mimi ni mtu wa kati. Nilipofika nyumbani kikaanza kupiga mluzi. Nikila, mluzi. Nikicheka, mluzi. Nikiinama kwenye cherehani, mluzi, na wateja wakawa wanageuka kutafuta simu ya nani inaita.

Mluzi ule si ubovu wa mashine. Sauti ikishakuzwa inatakiwa ibaki ndani ya sikio. Ikipata upenyo pembeni inatoka, inarudi kwenye maikrofoni, inakuzwa tena, inatoka tena. Ni kitu kilekile kinachotokea shughulini MC akisimama mbele ya spika. Dawa ya mluzi ni kuziba upenyo. Mimi sikujua, nikapunguza sauti. Nikapunguza, nikapunguza, mpaka mluzi ukanyamaza, na dunia nayo ikanyamaza palepale ilipokuwa. Kifaa kikaingia kwenye droo ya vifungo, kikakaa humo miezi 14. Kama nilihesabiwa kwenye taarifa ya waliosaidiwa, basi nilihesabiwa nikiwa droo.

Mpwa wangu ambaye ni muuguzi ndiye aliyeniambia, "Mjomba, hujapimwa sikio. Unatakiwa utengenezewe moldi yako." Moldi ndilo neno walilonalo hospitali. Waashi wangesema kalibu. Wanachukua umbo la sikio lako, lako wewe, halafu wanakutengenezea kipande kinachokaa ndani bila kuacha upenyo, na mrija unaotoka kwenye mashine unaingia kwenye kipande hicho.

Nikapimwa mara ya kwanza, na hapo nina malalamiko kidogo, ingawa mahali penyewe sitapataja. Kijana alikuwa na foleni ndefu. Hakuchungulia ndani ya sikio. Alisokomeza sponji mlangoni tu, akajaza dawa yake, akaitoa, nikaondoka. Moldi iliyokuja ilikuwa fupi kama mkono wa shati lililoruka maji. Ilipiga mluzi kama kimpira, na juu yake ikanichubua. Nilipokuja kuuliza wanaojua, waliniambia nishukuru nilichubuka tu. Dawa ile ikimiminwa bila kizuizi kilichokaa sawasawa inaweza kutiririka mpaka kwenye ngoma ya sikio, na ngoma ikiwa na tobo inapita mpaka ndani, ikagandia humo. Hapo kuitoa ni kazi ya daktari na chumba cha upasuaji.

Sasa niseme habari ya kipimo cha kweli, maana hiki ndicho kilichonitoa jasho la furaha, fundi kumtazama fundi.

Ilikuwa Dar es Salaam, hospitali moja, kwa dada mmoja mwenye mikono isiyo na papara. Nilikuwa nimetoka Tanga na basi la saa 12 asubuhi, kilomita kama 350. Alianza kwa kuangalia. Alishika kile kitochi chenye pua ya plastiki, akalivuta sikio langu juu na nyuma ili njia inyooke, akachungulia moja, akachungulia la pili. "Babu, la kushoto lina nta. Halipimwi mpaka itoke." Nauli yangu yote ile naambiwa nta! Lakini nilinyamaza, maana hata mimi simpimi mtu kiuno akiwa amevaa sweta. Wakanipeleka chumba cha pili, ikafyonzwa, akachungulia tena. Akauliza kama sikio limewahi kutoa usaha, kama limewahi kupasuliwa, kama linauma. Angeona usaha au tobo, alisema, angenipeleka kwanza kwa daktari wa masikio.

Kisha akachukua kipande cha pamba, ukubwa wa punje ya harage, kimefungwa uzi. Akaanza kukisukuma ndani kwa kijiti chenye taa kwenye ncha. Nikaona, yaani nikahisi, kwamba vidole vyake viwili vimeegemea shavuni kwangu. Nikauliza vya nini. "Ukishtuka, mkono wangu uende na kichwa chako, usibaki." Mhariri, nina miaka zaidi ya 35 nawafundisha vijana kushika mkasi na sijawahi kuwaeleza jambo kwa ufupi namna hiyo. Pamba ilipofika ndani nikakohoa. Akatabasamu: wapo wanaokohoa hapo, kuna mshipa wa fahamu ndani ya tundu la sikio wenye undugu na wa kooni. Ukigusa huku, kule kunaitika.

Nilidhani tundu la sikio ni kama tundu la sindano, limenyooka. Kumbe lina kama sentimita 2 na nusu kwa mtu mzima, na linapinda mara mbili, herufi S iliyolala. Sehemu ya nje ni gegedu na ngozi laini, ya ndani ni mfupa wenye ngozi nyembamba sana juu yake, ndiyo maana kule ndani ukigusa ovyo panauma. Pamba inatakiwa ipite kona ya pili, kwa sababu moldi ikiishia kabla ya hapo haina cha kushikia. Yule kijana wa mwanzo aliishia kona ya kwanza.

Ndipo akatoa makopo mawili ya silikoni, moja nyeupe, moja ya waridi. Akachota sawa kwa sawa, akakanda kwa vidole haraka haraka kama unga wa chapati, mpaka michirizi ikaisha na rangi ikawa moja. Mikono ilikuwa mitupu, imetoka kuoshwa. Nikamwuliza mbona hakuvaa glavu, wauguzi wote wanavaa. Akasema zile glavu za mpira wa kawaida zina kitu kinachoizuia silikoni kukauka. Ukiikanda nazo inabaki inanata. Ukitaka glavu, uvae za aina nyingine. Haya ndiyo mambo ambayo hayaandikwi kwenye bango la uzinduzi.

Akaijaza kwenye bomba pana la sindano, bila sindano yenyewe bila shaka, akaingiza ncha sikioni na kuanza kusukuma. Baridi ikaingia. Sauti ya feni ikafa kwanza, kisha ya barabarani, kisha nikabaki na mapigo ya moyo wangu. Aliniambia baadaye kwamba ncha ya bomba haitoki ndani ya ule unga mpaka sikio lijae, unairudisha nyuma taratibu huku unga unaifuata; ikichomoka katikati inaingiza hewa, na pale penye hewa moldi itakuwa na shimo. Alijaza tundu, akajaza bakuli la sikio, akapanda mpaka kwenye mkunjo wa juu. Na hakukandamiza. Hapo ndipo wengi wanaharibu, alisema, wanataka kusawazisha kwa kidole, sikio linatanuka, kipimo kinakuwa cha sikio lililosukumwa. Nalijua kosa hilo kwa jina lingine: kijana anayevuta futi ili mteja aonekane mwembamba.

Kabla ya kujaza aliniwekea kitu kigumu cha sponji katikati ya meno, niking'ate. Sababu yake ilinifurahisha kuliko yote. Taya likifunguka, ukuta wa mbele wa tundu la sikio unasogea. Weka kidole sikioni sasa hivi ufungue mdomo, utauhisi. Ukipimwa umefunga mdomo tu, moldi itakaa vizuri mpaka utakapoanza kuongea au kula, kisha itavuja. Nami humwambia dereva wa bodaboda akija kupima suruali, kaa kwenye kiti kwanza, kunja magoti, maana hutaivaa ukiwa umesimama.

Ilikauka kwa dakika kama 5. Alikuwa amebakiza donge dogo mezani, akalibonyeza kwa ukucha. Alama ilipokataa kubaki, akajua na ya sikioni iko tayari. Akavuta sikio langu huku na huku ili hewa iingie, akaanzia juu kwenye mkunjo, akakizungusha kidogo mbele, kikatoka chote na pamba yake na uzi wake. Kisha akachungulia tena ndani. Pamba moja imeingia, moja imetoka, hakuna damu. Hivyo ndivyo ninavyohesabu pini bibi harusi akishavua gauni.

Akaniwekea kiganjani. Kilikuwa cha waridi, kimejikunja kama kipande cha tangawizi, na ncha ndefu yenye kona mbili. Nimelibeba umbo hili tangu nizaliwe, sijawahi kukutana nalo. Cha kulia hakikufanana na cha kushoto. Nilishangaa na sikupaswa kushangaa, mtu ambaye kila siku napima mabega yasiyolingana.

Moldi zilirudi baada ya wiki mbili kutoka maabara. Dada alichagua plastiki ngumu, akriliki, kwa sababu vidole vyangu vimeshaanza kukakamaa na kitu kigumu ni rahisi kukisukuma mahali pake. Watoto, alisema, wanatengenezewa ya silikoni laini, wasije wakaumia wakianguka. Ndani yake kulikuwa na tobo la pili jembamba, mbali na lile la mrija. Nikadhani ni kasoro. Kumbe mtu kama mimi, ambaye sauti nene bado anazisikia, akizibwa kabisa anajisikia anaongea ndani ya pipa, na mhogo wa kuchoma unasikika kama mtu anavunja kuni kichwani. Tobo lile linatoa hizo nene nje, zile nyembamba zinabaki. Ni mpasuo wa nyuma wa koti: unaonekana kama mshono umesahauliwa, bila huo huketi.

Hakuna mluzi. Siku ya kwanza dukani niligundua cherehani yangu inalia mafuta. Ilikuwa inalia tangu lini, kijana wangu ndiye anayejua; anasema alizoea.

Ningeweza kuishia hapa, Mhariri, barua ya mzee aliyefurahi. Lakini ninaye mjukuu.

Ana miaka 5. Alipozaliwa alipata manjano kali, masikio yake yakaathirika. Akiwa na miaka 3 tulimpatia vifaa viwili na moldi laini za rangi ya bluu, na kwa miezi michache alikuwa anageuka ukimwita, hata ukiwa nyuma yake. Alianza kusema "babu" akiwa na herufi zake zote. Baadaye mwalimu wake wa chekechea akaanza kuleta taarifa kwamba mtoto hasikilizi, mtundu, amerudi kuwa kama zamani. Tukamlaumu mtoto. Mimi pia nilimlaumu, nalisema kwa uchungu, mimi ambaye nilipaswa kujua.

Siku moja nilimpakata nikaona moldi inacheza sikioni, unaweza kupitisha ukucha pembeni yake. Sikio la mtoto linakua, na moldi haikui pamoja nalo. Mkwe wangu alikuwa ameona mluzi umezidi, na mtoto kuwa na mluzi kwenye daladala ni aibu, kwa hiyo akawa anapunguza sauti. Kila mwezi kidogo. Alifanya kilekile nilichofanya mimi na kifaa changu cha droo, ila mimi nilikuwa mtu mzima nimeshamaliza kujifunza kuongea. Yule ni mtoto, kila mwezi wa kimya ni maneno ambayo hakuyaokota.

Tuliambiwa mtoto mchanga anaweza kuhitaji moldi mpya kila baada ya miezi michache, mtoto wa umri wa chekechea kila nusu mwaka hivi, mkubwa kidogo mara moja kwa mwaka. Hatukuambiwa siku ya kupewa. Siku ya kupewa kulikuwa na keki. Na hata ungeambiwa: kwenda Dar na kurudi, nauli ya mtu mzima na mtoto, pa kulala, siku mbili za kibarua zimekufa, halafu wiki mbili baadaye unarudi kuchukua. Fanya hivyo mara mbili kwa mwaka kwa mshahara wa mkwe wangu, ambaye anauza maandazi. Ndipo vifaa vinapoingia droo, na si kwa sababu ya uzembe wa wazazi, kama nilivyomsikia mtu mmoja akisema redioni.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema watu zaidi ya milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya kupungukiwa usikivu, na kwamba karibu asilimia 80 kati yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu. Kila mwaka ifikapo Machi 3, Siku ya Usikivu Duniani, nyinyi wa magazeti mnaziandika takwimu hizi, na mnafanya vema. Nchi yetu haiko nyuma katika mambo makubwa: Muhimbili wamekuwa wakipandikiza vifaa ndani ya masikio ya watoto tangu 2017, kazi ambayo zamani ilikuwa safari ya India. Nchi inayoweza hilo haiwezi kushindwa na makopo mawili ya silikoni, kitochi, pamba yenye uzi na mtu aliyefundishwa kutokuwa na haraka.

Ninachoomba hakihitaji jengo. Anayepanga kugawa vifaa 500 apunguze vifaa, na fedha ya hivyo alivyopunguza inunue silikoni na kumlipa mpimaji. Apime kwanza, arudi na moldi, kisha arudi tena baada ya miezi 6 kwa watoto, na hiyo safari ya tatu aiandike kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, siyo aiachie dua. Kuchukua kipimo kunafundishika. Hospitali zetu za mikoa zina wauguzi na matabibu wenye mikono mitulivu. Wafundishwe wawili kila mkoa, na kile kipande cha waridi kikishakauka kiwekwe kwenye kiboksi kipelekwe maabara kwa parseli ya basi. Kisafiri kipande cha tangawizi, asisafiri mtoto. Tahadhari moja tu: kisibanwe wala kisifungwe kwenye pamba ya kukigandamiza, kikipinda njiani kazi yote imekwenda.

Mrija nao, nisije nikausahau. Ule wa plastiki unaotoka kwenye moldi unakuwa mgumu na wa njano baada ya miezi kadhaa, unavuta moldi na kuitoa mahali pake. Unabadilishwa kwa dakika chache na gharama yake haifiki nauli ya daladala mbili. Nimekutana na mzee wa Makorora aliyeacha kifaa kizima kwa sababu ya mrija.

Na wasomaji wenzangu, mkienda kupimwa, mtu akitaka kujaza kitu sikioni bila kuchungulia kwanza, simameni. Mwulizeni pamba yenye uzi iko wapi. Hamtakuwa wakorofi, mteja anayeniuliza akiba ya mshono ni ngapi ndiye ninayemshonea vizuri kuliko wote. Vile vifaa vinavyouzwa stendi pamoja na chaja za simu siwaambii mvinunue wala msivinunue, ila mimi nilinunua kimoja na sasa kinachezewa na paka.

Kwa mpiga picha wako nina ombi la peke yake. Safari ijayo asisimame mbele ya mgeni rasmi. Apite ubavuni, asogee karibu, apige sikio lenyewe, tuone kilichomo.

Jumatatu ijayo mjukuu wangu anapimwa tena, mara ya tatu. Safari hii amekataa bluu. Amechagua zambarau, na akamwambia mama yake, kwa zile herufi zilizoanza kupotea, kwamba anataka na vimetameta ndani yake. Nimeuliza, vipo.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga
(jina langu unalo, Mhariri)